Wati Zisizoaminika: Kutatua Matatizo ya Zana za Kupima Umeme wa Kichakataji kwenye Kerneli ya Linux

Anayetunza zana za kupima umeme wa kichakataji hupokea malalamiko ya aina mbili. La kwanza: "haionyeshi kitu." La pili: "inaonyesha, lakini namba siielewi." La kwanza linasumbua ila halina hatari, kwa kuwa kila mtu anaona kwamba kuna kitu kimekosekana. La pili ndilo la kuogopa. Wati zilizokosewa huingia kwenye ripoti, hupangiwa bajeti ya umeme, huamua seva ngapi zikae kwenye rafu moja, na mara nyingi hakuna anayerudi kuzikagua. Kwa sababu hiyo nimezipa namba za uongo nafasi kubwa kuliko namba zisizoonekana.

Ninazungumzia Linux kwenye vichakataji vya x86 (vya Intel na AMD), na hasa zana ambazo msimbo wake unakaa ndani ya mti wa kerneli yenyewe: `turbostat` (huonyesha masafa, usingizi na wati) iliyo kwenye `tools/power/x86/turbostat`, `cpupower` (husimamia masafa) iliyo kwenye `tools/power/cpupower`, na `perf` (hupima utendaji). Pamoja nazo kuna saraka ya `/sys/class/powercap`, ambako kerneli huonyesha kaunta za nishati na ukomo wa wati, na ambayo programu nyingi za ufuatiliaji huisoma moja kwa moja.

## Kwanza, jua namba inapitia wapi

Ndani ya kichakataji cha Intel, kuanzia kizazi cha Sandy Bridge cha mwaka 2011, kuna mfumo wa kupima na kuwekea umeme ukomo uitwao RAPL (Running Average Power Limit). AMD nao wana wao unaofanana nao, kuanzia familia ya Zen. Mfumo huu una kaunta za nishati, na kaunta hizo hufanya kazi kama mita ya umeme: hazikuambii unatumia wati ngapi sasa hivi, zinakuambia jumla iliyokwisha kutumika. Ili kupata wati, unasoma mara mbili, unatoa, kisha unagawanya kwa muda uliopita kati ya usomaji mmoja na mwingine. Karibu makosa yote ya hesabu nitakayoyataja yanatokana na mojawapo ya hatua hizo tatu.

Kaunta ya kichakataji kizima kwa Intel iko kwenye rejista (sehemu ndogo ya hifadhi ndani ya kichakataji, MSR kwa kifupi) `0x611`, na kizio chake, yaani nishati ya hesabu moja, kimeandikwa kwenye rejista `0x606`, biti ya 8 hadi ya 12. Kwa AMD ni `0xC001029B` na `0xC0010299`. Kutoka hapo namba hukufikia kwa njia tatu:

- kupitia faili la `/dev/cpu/0/msr`, ambako zana inasoma rejista ghafi na kufanya hesabu yenyewe;
- kupitia powercap, ambako kiendeshi cha kerneli kimeshabadilisha kuwa mikrojouli kwenye faili la `energy_uj`;
- kupitia matukio ya `power/energy-pkg/` ya `perf`.

Njia zote tatu zinafika kwenye rejista ileile. Hilo ndilo jambo lenye thamani kuliko yote katika kazi hii. Njia mbili zikipishana, kosa liko kwenye programu: kwenye zana au kwenye kiendeshi. Zikikubaliana zote kwenye namba ya ajabu, acha kusoma msimbo na uanze kuangalia BIOS, mashine mwenyeji, au kichakataji chenyewe. Kabla ya kufungua faili lolote la C, fanya jaribio hili:

```
perf stat -a -e power/energy-pkg/ \
  turbostat --quiet --Summary --Joules --show Pkg_J sleep 10
```

Hapa `perf` inaizunguka `turbostat`, kwa hiyo zote mbili zinapima kipindi kilekile. Jouli za `perf` zitazidi kidogo, kwa kuwa inaanza mapema na kumaliza baadaye. Zikizidiana mara mbili au mara nne, tayari una pa kuanzia.

## Zana inakataa kuanza

Hapa sababu ni chache na zinajulikana, nitapita haraka.

Ujumbe ukisema hakuna `/dev/cpu/0/msr`, moduli haijapakiwa. Toa amri ya `modprobe msr`, kisha uliandike jina hilo kwenye faili chini ya `/etc/modules-load.d/` ili lipakiwe kila mashine inapowaka. Kama moduli yenyewe haipo, kerneli ilijengwa bila `CONFIG_X86_MSR`.

Ukiambiwa huna ruhusa hata baada ya kutumia `chmod` kwenye faili la msr, usishangae. Ruhusa ya faili peke yake haitoshi: anayelifungua lazima awe pia na uwezo wa `CAP_SYS_RAWIO`. Kwa mtumiaji asiye root:

```
setcap cap_sys_admin,cap_sys_rawio,cap_sys_nice=+ep /njia/ya/turbostat
chmod +r /dev/cpu/*/msr
```

Uwezo huo umebandikwa kwenye faili lenyewe la programu. Kifurushi kikisasishwa, faili jipya linakuja bila uwezo, na zana iliyofanya kazi jana inakataa leo bila mtu kugusa usanidi wowote. Lalamiko la namna hii likija siku moja baada ya masasisho, anza na `getcap`.

Ujumbe kwamba zana haikupatikana kwa kerneli fulani hautoki kwenye zana. Usambazaji kama Ubuntu huweka kwenye `/usr/bin` hati ndogo inayotafuta toleo la `turbostat`, `cpupower` au `perf` linalolingana na `uname -r`. Umesasisha kerneli bila kusasisha kifurushi cha zana, basi. Sakinisha `linux-tools-$(uname -r)`, au ijenge zana mwenyewe kama nitakavyoeleza mbele.

Na kama kusoma kunafanikiwa ila kuandika kunakataliwa, kwa mfano `x86_energy_perf_policy` inashindwa kubadilisha sera huku `turbostat` ikiendelea vizuri, kagua `/sys/kernel/security/lockdown`. Kerneli iliyofungwa kwa ajili ya Secure Boot huzuia uandishi kwenye rejista. Si hitilafu, na haitatuliwi kwa kuirekebisha zana.

## Faili la energy_uj lipo, lakini halisomeki

Zamani mtumiaji yeyote aliweza kulisoma. Mnamo Novemba 2020 ulitangazwa udhaifu uliopewa jina PLATYPUS, wenye namba CVE-2020-8694: watafiti walionyesha kwamba anayesoma kaunta ya nishati kwa kasi anaweza kukisia siri zinazochakatwa na programu nyingine, ikiwemo funguo za usimbaji. Tangu hapo kerneli inaliweka faili hilo lisomwe na root pekee.

Jibu linalopendwa ni kulifungua tena kwa `chmod 444`. Kwenye kompyuta yako binafsi ni uamuzi wako. Kwenye seva inayotumiwa na watu wengi, tafadhali usifanye hivyo. Weka huduma ndogo yenye haki ya root inayosoma kaunta kila baada ya sekunde kadhaa na kuchapisha wastani kwa wengine. Mfuatiliaji wa kawaida hahitaji zaidi ya hapo, na anayetaka kuchungulia siri ananyimwa kasi anayoihitaji.

Ndani ya kontena hali ni kali zaidi. Docker tangu mwaka 2023 huficha `/sys/devices/virtual/powercap` kwa chaguo-msingi, kwa sababu hiyohiyo. Programu ya ufuatiliaji iliyo ndani ya kontena itaona saraka tupu na kuandika sifuri. Kuandika sifuri ni kosa la programu hiyo: thamani isiyojulikana si sifuri. Ukiwa mtunzaji wa programu ya namna hiyo, irekebishe iseme wazi kwamba haikupata chanzo.

Kwa `perf`, kipingamizi kinatoka kwingine. Matukio ya nishati hupimwa kwa kichakataji kizima, si kwa mchakato mmoja, hivyo `perf stat -e power/energy-pkg/ ./programu` bila `-a` hurudisha `<not supported>` hata kwenye mashine isiyo na kasoro yoyote. Weka `-a`, na hakikisha `kernel.perf_event_paranoid` si zaidi ya 0, au una uwezo wa `CAP_PERFMON` uliokuja na kerneli 5.8.

## Mashine mpya, safu za wati hazipo

`turbostat` inaanza, inaonyesha masafa ya saa na asilimia za shughuli, lakini hakuna `PkgWatt` (wati za kichakataji kizima) wala `Pkg%pc6` (asilimia ya muda ambao kichakataji kizima kimelala usingizi mzito). Wakati mwingine saraka ya powercap nayo haina `intel-rapl:0`.

Chanzo karibu kila mara ni jedwali. Vichakataji havijielezi vyenyewe kikamilifu. Kerneli na `turbostat` hutambua modeli kwa namba yake, kisha hutafuta kwenye orodha modeli hiyo ina kaunta zipi. Kuna orodha tofauti: moja ndani ya `turbostat.c`, nyingine ndani ya kiendeshi cha `intel_rapl_common`, nyingine ndani ya sehemu ya RAPL ya `perf`. Modeli inaweza kuwa imeongezwa kwenye moja na kusahauliwa kwenye nyingine, ndiyo maana utaona powercap inafanya kazi na `perf` haifanyi, au kinyume chake.

Kwa `turbostat` dawa ni rahisi. Kwa kuwa inasoma rejista yenyewe, toleo jipya kabisa linaweza kukimbia juu ya kerneli ya zamani. Chukua msimbo wa kerneli mpya na ujenge:

```
make -C tools/power/x86/turbostat
```

Ikilalamika kuhusu `sys/capability.h`, sakinisha `libcap-dev` au `libcap-devel`. Ikilalamika kuhusu `msr-index.h`, umenakili saraka ya zana peke yake ukauacha mti mzima. Faili hilo huchukuliwa kutoka `arch/x86/include/asm`. Rudi ujenge ukiwa ndani ya mti kamili.

Kwa AMD, angalia tarehe ya kerneli kabla ya kitu kingine. Matukio ya nishati ya `perf` kwa familia ya 17h (Zen za mwanzo) yaliingia kerneli 5.8, powercap ikafuata kwenye 5.11. Kiendeshi cha `amd_energy` kilichoingia 5.8 kiliondolewa kwenye 5.13, hivyo hati za zamani zinazokitafuta chini ya hwmon (saraka ya vihisi vya mashine) hazitakipata tena; zielekeze kwenye powercap.

Kama modeli haimo hata kwenye kerneli ya karibuni, kiraka (badiliko la msimbo) cha kuiongeza mara nyingi ni mstari mmoja. Urahisi huo ndio mtego. Kishawishi ni kunakili safu ya modeli iliyotangulia kwa kudhani mdogo anafanana na kaka yake. Namba zitaonekana, watu watafurahi, na huenda zote ni za uongo, kwa sababu vizio vya nishati, kaunta ya kumbukumbu, na maana ya viwango vya usingizi hubadilika kati ya modeli. Usitume mstari huo kabla ya kupitia sehemu inayofuata ukiwa na mashine halisi mbele yako.

Ndani ya mashine pepe, kutokuona wati ndiyo hali ya kawaida. Mashine mwenyeji kwa kawaida haimpi mgeni kaunta za RAPL, na ingekuwa makosa kumpa bila utaratibu: kaunta ni ya kichakataji kizima, pamoja na wageni wengine wote. Ukiona mgeni anapata kaunta iliyoganda kwenye sifuri, mwenyeji anajibu rejista asizozijua kwa sifuri badala ya kuzikataa. Pima kutoka kwa mwenyeji.

## Wati zinaruka ghafla hadi namba ya kutisha, au zinakuwa hasi

Kaunta kwa kawaida ina biti 32 tu, hata ikiwa imewekwa ndani ya rejista ya biti 64. Ikijaa huanza upya kwenye sifuri. Je, hujaa baada ya muda gani? Piga hesabu. Kizio cha kawaida cha Intel tangu Haswell ni jouli 1 iliyogawanywa kwa 2 kipeo cha 14, yaani takriban mikrojouli 61. Kaunta nzima basi hubeba jouli 262,144. Kichakataji kinachotumia wati 200 huijaza kwa takriban dakika 22. Kwa kizio cha mikrojouli 15.3, kilichotumika Sandy Bridge na kinachoonekana pia kwenye vichakataji vya AMD, uwezo ni jouli 65,536, na wati 200 huimaliza kwa dakika tano na nusu.

Tuseme programu yako inasoma kila baada ya dakika kumi. Kwenye kompyuta ndogo ya wati 15 itafanya kazi miezi bila kasoro. Ipeleke kwenye seva ya wati 200 yenye kizio cha mikrojouli 15.3, na kaunta itakuwa imepita uwezo wake mzima kati ya usomaji mmoja na mwingine, na hakuna hesabu itakayoirejesha nishati iliyopotea. Hutaona hata namba ya ajabu. Utaona wati chache kuliko ukweli, zilizokaa vizuri kabisa kwenye grafu. Hii ndiyo sura mbaya kuliko zote za kosa hili.

Kinga ina sehemu mbili. Soma mara nyingi kuliko muda wa kujaa kwa mzigo mkubwa kabisa. Sekunde 60 ni salama kwa mashine nyingi. Kisha toa kwa namna inayokubali kuzunguka mara moja: kwa rejista ghafi tumia namba zisizo na alama za biti 32, na kwa powercap, usomaji mpya ukiwa mdogo kuliko wa zamani, ongeza thamani ya `max_energy_range_uj`. Usiandike ukomo huo ndani ya msimbo kama namba isiyobadilika, maana hutofautiana kati ya mashine. `perf` haina tatizo hili kwa sababu kerneli huweka kipima muda kinachosoma kaunta kabla haijajaa.

Kuna tofauti moja ya kuzingatia. Mashine ikilala na kuamka, kaunta inaweza kuanza upya bila kujaa. Programu inayodhani kila kushuka ni kujaa itaongeza kaunta nzima, na hapo ndipo maelfu ya wati yanapotokea sekunde chache baada ya kompyuta kuamka. Linganisha saa ya `CLOCK_BOOTTIME`, inayoendelea hata mashine ikilala, na `CLOCK_MONOTONIC`, inayosimama: zikitofautiana zaidi ya zilivyotofautiana awali, mashine ililala. Utupe usomaji huo.

## Namba ni thabiti, lakini imezidi kwa kiasi kilekile

Kosa lenye uwiano usiobadilika ni zawadi kwa mtafutaji.

Kumbukumbu inaonyesha mara nne ya inavyotarajiwa kwenye seva? Kwenye seva za Haswell na kadhaa zilizofuata, kaunta ya kumbukumbu haitumii kizio kilichoandikwa kwenye `0x606`. Ina kizio chake maalumu cha mikrojouli 15.3. Ukizidisha kwa 61 badala ya 15.3 unapata mara nne barabara. Kerneli inalijua hili kwa modeli ilizozitaja kwenye jedwali, na modeli iliyoongezwa kwa kunakili safu isiyo yake hulikosa. Kwenye Sapphire Rapids, kaunta ya jukwaa zima, Psys, ina kizio cha jouli 1 kamili. Vichakataji vya Atom vya kizazi cha Silvermont vilikwenda kinyume kabisa: kwao biti zilezile humaanisha mikrojouli 2 kipeo cha namba hiyo, badala ya jouli 1 kugawanywa. Tazama kizio kwa macho yako kwa `rdmsr`, amri ya kusoma rejista:

```
rdmsr -p 0 -u -f 12:8 0x606
```

Jibu la 14 ni mikrojouli 61, jibu la 16 ni 15.3. Kisha linganisha na hati ya mtengenezaji ya modeli hiyohiyo, si ya familia kwa ujumla.

Imezidi mara mbili au karibu na hapo? Chunguza unajumlisha nini. Saraka za powercap zimepangwa kwa ngazi. `intel-rapl:0` ni kichakataji kizima. `intel-rapl:0:0` kwa kawaida ni viini, ambavyo tayari vimo ndani ya kichakataji. Kumbukumbu, palipo na ukanda wa `dram`, huhesabiwa pembeni. Ukanda wa `psys` huzunguka vyote, na kichakataji kimo ndani yake. Hati inayojumlisha kila `energy_uj` inayoiona inahesabu umeme uleule mara mbili au tatu. Soma faili la `name` katika kila saraka kabla ya kujumlisha, na usitegemee mpangilio wa namba.

Kwenye kompyuta nyingi za mkononi kuna pia `intel-rapl-mmio:0`. Hicho ni kichakataji kilekile kinachofikiwa kwa njia nyingine. Alama ya nyota kwenye `/sys/class/powercap/intel-rapl*` inaikamata nayo, na matumizi yanaongezeka maradufu kwenye mashine hizo tu. Ukiwa hapo, kumbuka jambo la ziada: ukomo wa wati (kama PL1, ule wa muda mrefu) nao unaweza kuwekwa kupitia njia zote mbili, na ulio mdogo ndio unaotawala. Anayesema "nimepandisha ukomo wa PL1 lakini kichakataji bado kinabanwa" aangalie upande wa mmio.

## Namba haifanani na kipimo cha ukutani

Wala haitafanana. RAPL haioni hasara za kigeuza umeme, feni, diski, kadi ya picha iliyo nje ya kichakataji, wala saketi za ubao mama. Unachoweza kudai ni kwamba zipande na kushuka pamoja. Weka mzigo, toa mzigo, andika ongezeko la pande zote mbili. Ukutani likiongezeka wati 100 na RAPL ikiongezeka 85, hiyo ni picha inayoaminika. RAPL ikiongezeka 20 au 300, rudi kwenye vizio.

Kumbuka pia kwamba kwenye Sandy Bridge thamani ilikuwa makadirio yanayotokana na shughuli za ndani ya kichakataji. Upimaji halisi wa mkondo ulianza na Haswell. Usitumie mashine ya zamani kuwa kigezo cha kuihukumu mpya.

## Grafu inatetemeka ilhali mzigo umetulia

Kaunta husasishwa takriban mara moja kila milisekunde. Ukisoma kila milisekunde mbili, kipindi kimoja kitashika masasisho mawili, kingine moja, kingine matatu, na wati zitaonekana kurukaruka. Soma kila milisekunde 100 au zaidi, na ugawanye kwa muda uliopimwa kweli, si muda uliouomba: `sleep` ya sekunde moja kwenye mashine yenye shughuli nyingi si sekunde moja.

Kwenye mashine zenye SGX (maeneo ya kumbukumbu yaliyolindwa ya Intel) au ulinzi wa PLATYPUS uliowashwa kwenye BIOS, kichakataji chenyewe huongeza nasibu kwenye kaunta. Rejista `0xBC`, biti ya 0, itakuambia. Mtetemo huo uliwekwa makusudi, na hakuna kiraka kinachofaa kuufuta. Ongeza kipindi.

## Mashine haina kazi, lakini Pkg%pc6 ni sifuri

Swali hili ndilo gumu, na ndilo ninalolipenda kuliko mengine, kwa sababu hapa zana inasema kweli na watu hawaiamini.

Tofautisha safu mbili zenye majina yanayokaribiana. `C6%` ni usingizi ulioombwa na kerneli. `CPU%c6` ni usingizi uliotolewa na kichakataji, kwa mujibu wa kaunta zake. Zisome pamoja.

`C6%` ikiwa ndogo, kerneli haikuomba. Tazama `/proc/cmdline` kwa `intel_idle.max_cstate` au `idle=poll`. Tazama nani ameshikilia `/dev/cpu_dma_latency` kwa `fuser -v`. Programu za sauti na za mtandao wa kasi hulifungua na kuiambia kerneli isilale sana. Tazama kama kuna hali iliyozimwa kwenye `/sys/devices/system/cpu/cpu0/cpuidle/state*/disable`.

`C6%` ikiwa kubwa na `CPU%c6` ndogo, kerneli iliomba ikanyimwa. Kiini chenye nyuzi mbili hakilali mpaka nyuzi zote mbili zilale. Uzi jirani unaopokea ukatizaji (IRQ, ishara ya kuhitaji kuhudumiwa) kila mara unatosha kukiweka macho. Safu ya `IRQ` itakuonyesha CPU ipi.

`CPU%c6` ikiwa kubwa na `Pkg%pc6` bado sifuri, viini vyote vimelala lakini kichakataji kizima hakiruhusiwi. Soma mstari wa `MSR_PKG_CST_CONFIG_CONTROL` ambao `turbostat` huuchapisha mwanzoni ukiiendesha bila `--quiet`. Kama `pkg-cstate-limit` imewekwa chini na neno `locked` lipo, BIOS ndiyo iliyofunga, na hakuna programu itakayoifungua. Ingia kwenye mipangilio ya BIOS. Kama ukomo ni mkubwa, mtuhumiwa ni kifaa cha PCIe kisichoingia hali ya usingizi wa ASPM. Ondoa au zima vifaa kimoja kimoja hadi safu isogee.

Zana yenyewe nayo ina sehemu yake. `turbostat` hutembelea kila CPU ili kusoma rejista zake, na kila ziara ni kuiamsha. Ukiweka kipindi cha sekunde 0.1 kwenye mashine iliyolala, unapima usumbufu wako. Kipindi cha chaguo-msingi ni sekunde 5. Kwa kupima mashine iliyotulia, tumia 30.

## Busy% inapita 100, au masafa hayaeleweki

`Busy%`, asilimia ya muda CPU iko kazini, ni MPERF (kaunta inayohesabu CPU ikiwa macho tu) iliyogawanywa kwa TSC (kaunta inayohesabu wakati wote). Kaunta hizi, pamoja na APERF (inayofuata kasi halisi ya CPU), zinapaswa kusomwa kwa wakati mmoja, lakini kila moja husomwa kwa wito wake wa mfumo. Ukatizaji ukiingia katikati, uwiano unaharibika. `turbostat` inajua hili na hurudia kusoma hadi mara tano muda ukipishana sana. Programu uliyoandika mwenyewe huenda hairudii. Kupita 100 kwa sehemu ndogo kunaweza pia kutokana na TSC na MPERF kwenda kwa kasi zinazotofautiana kidogo.

Na `cpupower frequency-info` ikiandika `Unable to call hardware`, tulia. Viendeshi kama `intel_pstate` havitoi `cpuinfo_cur_freq`. Mstari unaofuata, uliotoka kwa kerneli, ndio wa kusoma.

## Kwenye mashine kubwa pekee

Kila CPU inahitaji faili lake la msr na pengine matukio ya `perf` juu yake. Mashine yenye CPU 512 hupita ukomo wa kawaida wa faili 1,024 mara moja, na matoleo ya zamani ya zana hufa kwa `Too many open files`. Matoleo mapya ya `turbostat` hupandisha ukomo yenyewe. Kwa ya zamani tumia `ulimit -n 32768`.

## Ukishaupata mzizi wa kosa

Kama toleo la zamani lilikuwa sahihi na jipya halipo sahihi, usikisie. Fanya `git bisect`, inayotafuta badiliko lililoleta kosa kwa kugawanya historia nusu kwa nusu, ukiielekeza kwenye saraka ya zana tu:

```
git bisect start -- tools/power/x86/turbostat
```

Kwa `turbostat` kila hatua ni kujenga faili moja bila kuwasha mashine upya, kwa hiyo jioni moja inatosha. Kama kosa liko kwenye kiendeshi, elekeza kwenye `drivers/powercap` na ujiandae kuwasha mashine mara kadhaa.

Ukituma kiraka, `scripts/get_maintainer.pl` itakupa majina ya wanaohusika, na `scripts/checkpatch.pl` itakuepusha na marejesho ya mambo madogo. Katika maelezo weka familia na modeli ya kichakataji, toleo la microcode kutoka `/proc/cpuinfo`, thamani ghafi ya rejista ya kizio, na matokeo ya `perf`, powercap na `turbostat` ya kipindi kimoja, kabla ya kiraka na baada yake. Weka matokeo ya mashine iliyotulia na ya mashine iliyojaa kazi, kwa sababu kosa la kizio huonekana kwenye zote mbili ilhali kosa la kujaa kwa kaunta huonekana kwenye moja tu. Na kama kiraka kinagusa njia inayotumiwa na modeli nyingine, kiendeshe kwenye angalau kichakataji kimoja cha AMD na kimoja cha Intel cha zamani kabla ya kukituma.